Dakika ya Tatu

Mimi programu za muziki nazichukia, na nataka hilo lijulikane mapema. Ukisikiliza taarabu moja ukiwa unakaanga vitunguu, wiki nzima unaletewa taarabu, utadhani mlifunga ndoa. Ukiikataa, unaletewa wanachosikiliza watu wa umri wako, wa mji wako, wenye simu ya bei kama yako. "Tumekuchagulia," inakuandikia. Nani aliwatuma? Nimezaliwa dukani na kulelewa dukani, na najua muuzaji akikwambia amekuchagulia kitu, basi kuna mzigo umemkalia na anataka utoke.

Duka lenyewe liko Kisii mjini, karibu na soko. Tunauza chaja, vifuniko vya simu, spika ndogo na vioo vya kubandika. Baba yangu, mzee Gulled, alilifungua kwa kuuza kaseti, na kaseti zilipokufa akahamia kwenye simu bila hata kugeuka nyuma. Aliyezililia kaseti ni mimi. Nilitafuta deki ya kuchezea kaseti, iliyo nzima, nikajifunza kunyoosha utepe uliosokotana kwa kuzungusha kalamu, na miaka minne iliyopita nikafungua chaneli. Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri natuma wimbo mmoja, na sharti ni kwamba usiwe unapatikana popote mtandaoni. Niliiita Nje ya Orodha. Ilifika watu elfu sita, kuanzia Kisii hadi Tanga, na wengine walioko Uarabuni kwa kazi za ndani.

Watu waliponiuliza wimbo fulani unasema nini, niliwajibu kwamba muziki hauhitaji mkalimani, sikio lina akili yake. Niliandika hivyo mara nyingi na kwa majivuno. Ukweli ni kwamba sikujua. Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, na Kisomali cha kuchanganya, na Ekegusii changu, lugha ya wenyeji, ni cha dukani: najua kusalimia, kutaja bei, kukataa bei, na kumuuliza mtu kama amekula. Nyimbo za wazee zinaongea Ekegusii kingine kabisa, na mimi badala ya kukiri hivyo nikafanya ujinga wangu kuwa itikadi.

Kaseti nazipata kwa watu wa vyuma chakavu. Huko Ekerenyo kuna mmoja anaitwa Mokua, ambaye mtu akimletea redio mbovu anaichungulia kwanza tumboni, na akikuta kaseti ananiwekea. Miaka miwili iliyopita alinipa moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: Okemwa na Bathsheba, Sironga, Desemba 1989. Niliiweka kwenye deki jioni hiyo nikiwa nafunga duka, na sikufunga duka.

Mwanamume anapiga obokano, ile zeze yetu kubwa ya nyuzi nane yenye sauti nzito ya kukwaruza, na mwanamke anaimba. Ilirekodiwa sebuleni, maana kuku anasikika. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa nyembamba na imenyooka, haina madoido, inakaa juu ya zile nyuzi bila kuzitegemea. Halafu ikifika dakika ya tatu anashuka. Anaimba chini chini, karibu kunong'ona, anarudia maneno machache tena na tena, na Okemwa naye anapunguza mkono. Nilijua hapohapo ni nini. Mama anambembeleza mtoto. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Kumpata kulinichukua asubuhi moja. Nilifika Sironga, huko Nyamira, nikataja mwanamke aliyekuwa akiimba na mpiga obokano, na mzee wa kwanza niliyemuuliza akaninyooshea kidole. Bathsheba alikuwa shambani akichuma chai, kikapu mgongoni, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri kama cha kwenda kanisani. Nilimwamkia nikamwambia nimetoka mjini na nina kitu chake.

"Wewe ni wa wale Wasomali wa duka?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Naitwa Janat."

Alinikaribisha ndani na kunipa chai. Nyumba ilikuwa ya matofali, mpya, na aliniambia imejengwa na Mose. Kila kitu kilikuwa cha Mose. Kochi kanunua Mose, tangi la maji kaleta Mose, kila mwezi Mose anaomba ruhusa kazini ampeleke kliniki ya presha na kumngoja kwenye benchi mpaka amalize. Mose ni mwanawe wa pekee, karani wa kupima majani chai kwenye kituo cha kununulia majani. Baba yake, Nyangate, alishafariki. Alipomtaja huyo mwana, uso wake ulibadilika, akawa kama msichana anayejisifia sare mpya. Nilimpenda kwa hilo.

Ndipo nikatoa simu nikabonyeza. Nyuzi tatu tu zililia, kabla hata ya mtu kuimba.

"Zima," alisema. "Zima hiyo kitu."

Nilizima. Aliinuka akaenda mlangoni, akaangalia njia yote mpaka barabarani, kisha akarudi akakaa karibu nami zaidi.

"Kaseti yenyewe iko wapi?"

"Iko Kisii, mama." Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imegusana na goti langu.

"Niliambia Okemwa achome. Aliniambia amechoma. Okemwa ni mjinga. Amekufa na ujinga yake. Sasa sikiliza, mwanangu. Mose asisikie hiyo. Watu wote wa Nyamira wasikie, kanisa isikie, sijali. Mose asisikie. Hata nikikufa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Sema."

"Mose hataisikia."

Nilidhani nimeelewa kweli. Kwenye ukuta kulikuwa na kalenda ya kanisa la Waadventista, na juu ya meza sare ya Dorkasi, chama cha kina mama wa kanisa hilo, imekunjwa. Nikasema moyoni, ni aibu tu ya mama mcha Mungu aliyeimba nyimbo za dunia ujanani. Watu wa aina hiyo nimekutana nao wengi. Sikumuuliza. Nilipoondoka alikata mkungu wa ndizi akanifungia kwa majani yake yenyewe, akaniambia kaseti nimletee aichome kwa mkono wake, na mimi nikasema nitaleta. Zile ndizi tulizila siku nne. Kaseti sikuipeleka.

Niliiweka kwenye droo, nikawa naisikiliza. Mwaka ukapita, na miezi kadhaa juu yake. Sitajifanya kwamba nilisahau ahadi. Niliikumbuka kila Ijumaa nilipokosa kitu cha kutuma, na Ijumaa hizo zilizidi kuwa nyingi. Mokua aliniletea kwaya juu ya kwaya, na kaseti zilizoota ukungu. Kukazuka kijana mmoja wa Nairobi na chaneli kama yangu, ana mashine za kusafisha sauti, watu wakaanza kuhamia kwake. Elfu sita wakawa elfu nne. Kaka yangu Uzair, ambaye husikiliza chochote simu inachomlisha, akaona ni jambo la kuchekesha.

"Kubali tu, Janat," aliniambia huku akibandika kioo cha mteja. "Hiyo app imekushinda. Huna kitu mpya tena."

Nina kitu kipya, nilijibu moyoni. Nina kitu ambacho hakuna mashine itakayowahi kukipata. Na hapo hasira ikanifundisha hesabu za uongo. Jina lake sitaliandika. Sironga sitaitaja. Mpima majani ataingiaje kwenye chaneli ya watu wa kaseti? Ahadi ilikuwa Mose asisikie, na Mose hatasikia. Ijumaa hiyo nikautuma wimbo mzima, na chini yake nikaandika: mwimbaji hajulikani, nyanda za juu. Kisha nikakata ile dakika ya tatu peke yake, sekunde arobaini, nikaituma kando na maneno haya: kwa wenye watoto wachanga, bembelezo tamu kuliko yote niliyowahi kusikia.

Jumamosi nilikuwa nimerudi elfu sita. Jumapili, elfu kumi na moja. Mama mmoja wa Tanga alituma video ya mwanawe wa miezi mitatu akisinzia kwa ile sauti, mwingine naye akatuma ya wake, na kufikia jioni kulikuwa na watoto ishirini wanalazwa na Bathsheba. Niliwatazama mmoja mmoja. Sijawahi kufurahi vile, na ni furaha hiyo inayoniuma kuliko mengine yote, kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeuweka kwenye spika ya nje ya duka. Drusilla, mtu wa Nyamira anayeuza viazi mbele yetu, aliacha kupanga mafungu yake akasimama.

"Huyu si ni Bathsheba wa Sironga?" aliuliza.

Nikamwambia mwimbaji hajulikani.

"Hajulikani na nani? Anajitaja. Sikia hapo. Anataja jina yake ya nyumbani, anataja baba yake, anataja mlima wao. Hao wa zamani wote walikuwa wanajitaja, Janat, ndio wimbo ukienda mbali ujue ni ya nani."

Ubeti ule nilikuwa nimeusikia mara zisizohesabika nikauchukulia kuwa pambo. Nilisimama pale na uso unawaka. Drusilla aliendelea kusikiliza, kichwa ameinamisha, mpaka ile sauti iliposhuka. Akaja akaizima spika yeye mwenyewe, na Drusilla hajawahi kugusa kitu chetu bila ruhusa.

"Toa hii kitu," alisema. "Toa saa hii."

Sikumuuliza kwa nini. Nilifikiri ni aibu ileile, ya kanisa na sifa ya mama wa watu. Nilifuta, na kufuta kwenyewe kulikuwa kazi bure, kwani kijana wa Nairobi alikuwa ameshausafisha na kuupandisha kwake, na waendesha boda wa Nyamira walikuwa wanauzungusha kutoka simu hadi simu tangu Jumamosi jioni, Sabato ilipokwisha.

Mose alikuja Alhamisi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa na ule ufupi wa mama yake na kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Alinisalimia vizuri, akauliza kama mimi ndiye Janat wa chaneli, akangoja nimalize na mteja. Watu wenye adabu wananiogopesha kuliko wenye fujo.

"Sikuja kugombana," alisema. "Kuna wimbo ulituma. Watu wanasema ni mama yangu. Nimemuuliza, amesema si yeye, na mama yangu hasemi uongo. Lakini tangu hiyo siku hali chakula. Watu wa kanisa wanamwangalia. Pale kituoni, vijana wananyamazisha simu nikifika. Nataka uandike kwa chaneli yako kwamba si yeye. Hiyo tu."

Ningeandika. Wallahi ningeandika hapohapo, na niliichukua simu niandike. Ningemwambia kaseti ilitoka Transmara, ilitoka Bomet, ilitoka popote, akaondoka na mama yake mzima. Lakini yeye alikuwa mtu wa mizani, mtu ambaye haandiki kilo asizoziona.

"Ngoja kwanza," alisema. "Siwezi kukwambia uandike kitu sijasikia. Walinitumia, sijawahi kuifungua. Niliogopa kusikiliza peke yangu. Nikisikia si sauti yake, utaandika kwa roho safi."

"Haina haja, kaka," nikamwambia. "Nakuamini. Naandika sasa."

"Ni dakika nne tu."

Aliilaza simu yake juu ya kioo cha kaunta akabonyeza. Ningeweza kuinyakua. Ningeweza kumwaga chai, kupiga kelele za mwizi, kufanya lolote. Nilisimama. Nitasema kwa nini nilisimama, kwa kuwa nimeanza kusema ukweli siwezi kuishia katikati: sehemu yangu fulani ilitaka kumwona mtu mwenye damu ya wimbo ule akiusikia kwa mara ya kwanza.

Obokano ililia. Sauti ilipoingia, Mose alifumba macho, na nikajua ameitambua kwa neno la kwanza. Alilelewa na sauti ile. Ubeti wa kujitaja ukaja, jina, baba, mlima, naye akatikisa kichwa polepole kukubali, akatabasamu kidogo hata. Ni kama alikuwa anasema, basi, ni yeye, aliimba ujanani, ni kosa gani hilo. Niliona anamsamehe ule uongo mdogo. Nikaanza kupumua.

Ikafika dakika ya tatu. Sauti ikashuka, na tabasamu lake likabaki pale pale mdomoni bila kazi. Alifumbua macho akaiangalia simu. Wimbo ukaisha, kuku akalia, ikanyamaza. Akairudisha nyuma kwa kidole, akaisikiliza ile sehemu tena.

Na mimi nikamuuliza. Miaka miwili sikumuuliza Mokua, sikumuuliza Drusilla, sikumuuliza mama mwenyewe nilipokuwa nakunywa chai yake, nikaja kumuuliza yeye.

"Anasema nini hapo?"

"Wewe uliandika ni bembelezo," alisema.

"Nilidhani hivyo."

"Anaongea na tumbo." Aliongea kwa sauti ileile ya adabu, anatafsiri kama mtu anayesoma barua ya jirani asiyejua kusoma. "Anasema, shuka. Shuka na maji ya mto, nisikujue, usinijue. Halafu anasema, nimekunywa mizizi, nimekunywa majivu, nimeruka kutoka kwa ukingo, mbona umeshikilia. Halafu anarudia hiyo. Mbona umeshikilia, mbona umeshikilia. Hapo ndipo watoto wako wanalala."

Nilisogeza boksi la chaja pembeni, nikalirudisha.

"Hii ilirekodiwa lini?" aliuliza.

Ningeweza kusema sijui. "Desemba," nilisema. "Themanini na tisa."

"Mimi nilizaliwa Aprili. Tisini."

Nje Drusilla alikuwa anabishana na mteja juu ya viazi. Mose alisimama akiwa ameshika kitambulisho chake kwa vidole viwili, anakigeuza upande wa picha, upande wa nyuma. Nilimwambia naomba msamaha. Nilimwambia mama yake anampenda, nimemwona kwa macho yangu akimsimulia, kila kitu kwake ni Mose. Nilimwambia mama alikuwa msichana mdogo tu wakati huo na sijui alikuwa na hofu gani. Yote yalikuwa kweli, na nilijisikia nikiongea kama muuzaji.

"Wewe ulienda kwake?" aliuliza. "Alijua unayo?"

"Alijua."

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia wewe usisikie. Wengine wote wasikie, haijalishi. Wewe tu."

Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyepewa risiti akaiona iko sawa. Hakunitukana. Nilikuwa nangoja anitukane, na nilikuwa na haja nayo, akaninyima.

Simu yake ikaanza kuita pale juu ya kioo. Ilitetemeka ikasogea mpaka ikagonga boksi la chaja, na kwenye skrini kulikuwa na neno moja, Mama. Tuliitazama sote wawili. Iliita mpaka ikakata. Ikaita tena.

"Pokea, Mose," nilisema.

"Pokea wewe," alisema. "Wewe ndiye unapenda sauti yake."

Akatoka, akapita katikati ya mafungu ya viazi vya Drusilla bila kukanyaga hata kimoja, akaiacha simu ikiita. Nilimwita kwa jina mara mbili. Ikakata, ikaita mara ya tatu, na watu dukani wakaanza kunitazama, basi nikaipokea nikaiweka sikioni.

Hakungoja kuitikiwa. Akidhani ni Mose, aliuliza kwa Ekegusii, kile chepesi ambacho hata mimi nakielewa, kama amekula.